Nyuki wa Mzee Jethro

Hapo zamani, wakati mababu wa Waingereza wa leo walikuwa bado na meno ya utotoni, palikuwa na kijiji kikiitwa Tansett. Usikitafute kwenye ramani. Ramani haina muda na kijiji cha nyumba thelathini na kanisa moja. Lakini kilikuwepo, na kilikuwa kizuri, na anayetaka kubisha asubiri hadithi ifike mwisho, maana ubishi wote uko huko.

Tansett ilikuwa bondeni. Kijito kilipita katikati, kina chake cha kukufika kifundoni, maji baridi mpaka meno yanauma. Upande huu wa kijito kanisa la mawe na uwanja wa nyasi ambapo watu walikutana. Upande ule mashamba ya matufaha, mti nyuma ya mti, mpaka chini ya kilima. Juu ya kilima kondoo. Nyumba zilikuwa fupi, kuta za mawe, mapaa ya mabua ya ngano, na kila mlango ulikuwa na maua hata kama ndani hamna mkate. Watu wa huko hawakuwa wasemaji. Ukikutana na mtu anakwambia habari za mvua, nawe unamjibu habari za mvua, basi mmekwisha kujuliana hali na kila mmoja ashike njia yake. Mgeni alidhani wana kiburi. Hawakuwa na kiburi hata chembe, walikuwa na haya tu, na mwenye shida hakumaliza siku mbili bila kukuta kitu kimewekwa mlangoni kwake, na aliyekiweka hajulikani.

Sasa sikiliza vizuri. Watu wa Tansett walikula matufaha, walikunywa pombe ya matufaha, na msimu ukifika walijaza mikokoteni matufaha wakayapeleka mjini. Na tufaha halizai bila nyuki. Mwezi wa Mei mitufaha inapochanua, bonde zima linakuwa jeupe, na hapo lazima nyuki wapite ua baada ya ua, kazi hiyo hawezi kuifanya mtu. Nyuki wasipopita, maua yanadondoka bure na kijiji kinakaza mkanda mwaka mzima. Na mfuga nyuki alikuwa mmoja tu kijijini, Mzee Jethro Quill, mwenye mizinga saba. Si mizinga ya magogo ya kutundika mtini kama ya kwetu. Ya kwao ilikuwa vikapu vya mabua vilivyopinduliwa juu ya mawe, vimekaa mstari kando ya kijito kama kuku wanaoatamia. Mzee Jethro hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na nyumba ya chumba kimoja, bustani, na nyuki wake.

Walikuwa na desturi pale, na desturi hii ndiyo iliyozaa kisa chote. Mwenye nyuki akifa, nyuki lazima waambiwe. Kabla jua halijaigusa mizinga, mtu anachukua ufunguo wa nyumba ya marehemu, anaugonga kila mzinga mara tatu, anasema, fulani amefariki, na mlezi wenu sasa ni fulani. Maneno yote mawili, la kifo na la mlezi. Nyuki wasipoambiwa, wanahama. Unacheka? Cheka, lakini cheka taratibu, maana na kwenu yapo mambo ambayo mgeni akiyasikia atajishika mbavu.

Basi alikuwepo mwanamke akiitwa Bi Dorcas Yelland. Huyu shikamana naye, ndiye tunayemfuata. Mumewe, Abel, alikuwa mchunga kondoo wa kule kilimani, na alifariki mwezi wa pili, kondoo wanazaa na baridi inakata mifupa. Na nyumba ya mchunga kondoo ni ya kazi, si ya mtu. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo. Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akamwambia, "Bi Dorcas, kaa mpaka tarehe mosi Juni ya mwakani. Zaidi ya hapo sina namna." Na kweli hakuwa na namna, kwa sababu mchunga kondoo mpya alikwisha kuja, yeye na mkewe na watoto wanne, wamelala kwenye dari ya zizi la farasi wakimsubiri yeye atoke. Na yule mke wa mchunga kondoo hakuwahi kumtazama Dorcas kwa jicho baya hata siku moja. Alikuwa akimwachia maziwa mlangoni. Dorcas aliyanywa maziwa yale na moyo ukimuuma, maana ni afadhali mtu akuchukie unapokalia nyumba yake.

Ndugu hana, mtoto hana. Mwaka ukiisha, ni barabara na mkono wa kuomba. Hilo alilijua alipolala na alipoamka.

Mwisho wa Mei mwaka ule ule, maua ya mitufaha yameanza kudondoka, Mzee Jethro akashikwa na kifua. Dorcas akawa anampelekea uji. Alfajiri moja alimkuta anahema kwa shida. Mzee akamshika mkono, akasema, "Waambie." Neno moja, basi. Akakata roho.

Dorcas akamfumba macho. Akalia kidogo, kwa sababu alikuwa mzee mwema. Kisha akatazama dirishani, akaona mgongo wa kilima umeanza kuwa mwekundu. Jua halimsubiri aliyefiwa. Akachukua ufunguo ukutani, akatoka mbio, umande unalowesha sketi yake mpaka magotini.

Akagonga mzinga wa kwanza mara tatu. "Mzee Jethro amefariki," akasema. "Na mlezi wenu sasa ni..." Akakwama. Nani? Mzee hakuwa na mrithi. Wa kutajwa hayupo, na jua linapanda. Akasema lile lililokuwa karibu na ulimi, "Mlezi wenu sasa ni Dorcas. Nitawatunza mimi." Mzinga ukavuma kidogo, ukatulia.

Akagonga wa pili, akasema vile vile. Wa tatu, vile vile. Wa nne, wa tano, wa sita, vile vile.

Alipofika wa saba, haya ikamvaa mwili mzima. Alijiona. Mjane ambaye nyumba yake inahesabiwa siku, ameshika ufunguo wa nyumba ya mtu ambaye mwili wake haujapoa, anajitaja kwa sauti, mara sita, kwamba yeye ndiye mwenyewe. Je, mtu akimsikia? Atasema nini? Akagonga mara tatu, akasema, "Mzee Jethro amefariki." Akanyamaza hapo. Jua likapiga mizinga. Akaurudisha ufunguo mahali pake. Watu aliwaambia tu kwamba nyuki wameambiwa, la kujitaja na la mzinga wa saba hakumwambia mtu yeyote.

Wakamzika Mzee Jethro, na kasisi akaifunga nyumba yake. Kijiji kizima kilikuja, na wote walizungumza habari za mvua. Siku ya tatu baada ya mazishi, saa za mchana, mzinga wa saba ukatoka. Si nusu, si robo, wote. Wakapanda juu kama moshi, wakavuka kijito, wakashika njia ya kusini.

Wa kwanza kuwaona alikuwa Amos Tuckett. Huyu alikuwa fundi wa michongoma. Usidhani ni kazi ndogo. Huko mashamba yamegawanywa kwa michongoma hai, na fundi huikata nusu, akailaza, akaisuka vijiti kwa vijiti, mpaka inakuwa ukuta unaochipua majani. Mchongoma wa Amos, mwanakondoo hapenyi. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuutazama tu. Mambo ya kuambia nyuki yeye hakuyaamini. Alikuwa akisema, "Nyuki hana masikio, utamwambia nini?" Lakini matufaha aliyaamini.

Na kuna sheria yao nyingine. Nyuki wakitoka, unaweza kuwafuata kwenye shamba la mtu yeyote, hata la lodi, bwana mkubwa wa huko, bila kuomba ruhusa, mradi unapiga sufuria mfululizo. Ukiacha kupiga, umekuwa mwizi wa kuvamia na nyuki si wako tena. Amos akaingia uani kwa dobi, akakwapua sufuria kubwa ya kufulia, akaanza kukimbia huku anaipiga. Alivuka kijito. Alivuka shamba la kwanza, akakuta mchongoma mbele yake. Mchongoma wake mwenyewe. Aliusuka yeye, kwa mikono yake, na hakuacha tundu. Kuzunguka kunachelewesha, nyuki wanapotea. Akaingia kichwa mbele, akatokea upande wa pili anavuja damu, sufuria inalia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Watu waliokuwa mashambani walisema baadaye kwamba walisikia sufuria na matusi, na yote yalikuwa ya Amos.

Mwendo wa saa nzima. Nyuki wakatua kwenye tawi la mti mrefu, wakaning'inia. Amos akavua shati, akapanda, akalifunga tawi lote ndani ya shati na nyuki wake, akalikata. Alipokuwa anashuka, mguu ukateleza. Alianguka chini na mkono mmoja umeinuliwa juu, ule wenye nyuki. Shati halikugusa ardhi. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Dorcas ndiye aliyemkuta, yeye na mkokoteni wa shambani. Amos alikuwa amekaa, amejiegemeza kwenye shina, uso umevimba kwa kuumwa, bado anapiga sufuria kwa kijiti. "Nisingeacha," akasema. "Hapa ni shamba la watu."

Akarudi naye mkokotenini, shati la nyuki pembeni. Kila jiwe la njiani lilimtoa jasho. Walipofika nyumba ya kwanza ya kijiji, hakuweza kwenda mbele zaidi, ikabidi nyuki waingizwe kwenye kikapu kipya hapo hapo, chini ya ukuta wa ua wa dobi, mbali na wale sita wa kando ya kijito. Na hapo ndipo inapoanza habari ya Bi Hester.

Bi Hester Pym, dobi wa Tansett, alikuwa akiwachukia nyuki kuliko mtu yeyote aliyepata kuzaliwa. Alikuwa na sababu. Nyuki wa masika, wakitoka mara ya kwanza baada ya baridi, wanajisaidia wakiwa hewani, matone ya njano, na wanapenda kupita juu ya shuka nyeupe zilizoanikwa. Bi Hester alikuwa akifua shuka za kasisi, za mwenye shamba, za nyumba ya wageni, anazianika, anageuka, zimetiwa madoadoa. Miaka ishirini aligombana na Mzee Jethro kwa ajili ya shuka hizo. Sasa anatoka nje, anakuta mzinga chini ya ukuta wake na sufuria yake imebonyea.

"Mmeniletea hawa hapa?" akauliza. "Na sufuria nani ataninyoosha?"

"Ni kwa siku chache, Bi Hester," akasema Dorcas.

Siku chache zikawa miezi. Majira ya joto yakapita. Dorcas alikuwa akienda kila siku kuitazama mizinga, ile sita na huu mmoja, maana neno alilolitoa alilitoa. Ile sita ilijaa asali mpaka ikawa mizito. Ule mmoja ulianza upya, ukajenga nta upya, asali yake ikawa kidogo. Mguu wa Amos ulipona, lakini ulipona umepinda. Fundi wa michongoma husimama mtaroni kutwa, matope na mteremko, miezi yote ya baridi. Alijaribu siku moja, akaanguka mara tatu, akaurudisha mundu wake ukutani. Chumba alichokuwa amepanga kikamshinda, mwenye nyumba ya wageni akamwonea huruma akampa kona ghalani, kati ya mapipa.

Ukaja Januari, na theluji ambayo wazee walisema hawajaiona. Siku tatu mfululizo, mchana kutwa, mpaka madirisha yakafunikwa. Dorcas alikuwa kitandani na homa ya mapafu, hajitambui, mke wa mchunga kondoo ndiye aliyekuwa akimlisha. Amos na mguu ule hawezi kuvuka hata uwanja. Hakuna aliyeweza kufika kijitoni. Karibu na nyuki alikuwa mtu mmoja tu, naye ni yule anayewachukia.

Asubuhi ya pili Bi Hester alifungua mlango wa nyuma, akaona kile kikapu kinaanza kuzama. Hakuwa na mabua wala nyasi kavu, wala gunia, kila kitu kimelowa. Kisha akaleta ngazi, akapanda juu ya paa la jiko lake, akaanza kuezua. Mwanamke wa miaka sitini na nane. Alivuta mabua makavu ya chini chini, mashada kwa mashada, akauvika mzinga kama mtu anavyomvika mtoto mchanga, ukabaki uso tu wa kupumulia. Theluji iliingia jikoni kupitia tundu lile. Siku ya nne boriti ikavunjika, paa likashuka, nusu ya nyumba ikalala chini.

Theluji ilipokatika alikwenda kijitoni na koleo, akaifukua ile sita. Wote walikuwa wamekufa. Wamekumbatiana katikati, baridi imewaua, asali ingali kandoni mwao. Akaitoa asali ile, akaipeleka kwa wale wa ukutani ambao akiba yao ilikwisha kwisha, akawalisha kidogo kidogo kwa unyoya wa bata, kila siku, mpaka Machi. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kati ya vitabu vya nyimbo. Kasisi alipomuuliza kwa nini, alimjibu, "Nimewatukana miaka ishirini. Wakifa ukutani kwangu, nani ataamini kwamba si mimi niliyewaua?"

Hilo ndilo alilosema. Watu wa Tansett hawasemi ukweli wote siku moja.

Basi Mei ikaja. Mitufaha ikachanua, bonde likawa jeupe, na wale nyuki wa shati la Amos, wa mabua ya Bi Hester, wakatoka. Kundi moja lilifanya kazi ya makundi saba. Watu walisimama kwenye michongoma wakiwatazama na hakuna aliyefua nguo wiki ile, Bi Hester alikataza. Maua yalipodondoka, kila kijiti kilikuwa na vitufaha vidogo vya kijani. Tansett imepona.

Jumapili ya mwisho ya Mei, baada ya ibada, kasisi akawaambia watu wabaki uwanjani. Akatoa barua yenye lakiri. "Mzee Jethro alinipa hii kabla hajafa," akasema. "Akaniagiza niifungue mwaka ukitimia." Akaivunja lakiri, akasoma.

"Nyumba yangu, bustani yangu na mizinga yangu vimwendee yule ambaye kwa ajili yake nyuki wangu wako hai mwaka mmoja baada yangu. Awe mmoja. Nyuki hawana walezi wawili. Kama nyuki hawapo, nyumba ibomolewe, mawe yake yaujenge ukuta wa kanisa."

Dorcas alisikia masikio yanavuma. Zilikuwa zimebaki siku sita afike tarehe mosi Juni. Kitanda chake alikwisha kukifungua mbao, kimeegemezwa ukutani. Aliitaka nyumba ile. Usimwone mtakatifu, aliitaka kwa roho yake yote.

Amos akasogea mbele akiburuta mguu. Alivua kofia. "Kasisi, mimi si mtu wa maneno," akasema. "Nyuki walio hai leo ni wale niliowafuata mimi. Wale wengine wamekufa. Nisingepiga sufuria, nisingepanda, leo hakuna hata mmoja. Mguu wangu huu hapa. Kazi yangu imekwenda nao. Nyuki mtu anaweza kuwafuga akiwa amekaa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, wakasema.

Bi Hester naye akasogea. "Amos aliwaleta, sikatai, na sufuria yangu mpaka leo imebonyea. Lakini aliwaleta Mei. Kati ya Mei na Mei kuna Januari. Hao nyuki wake wangekufa kama walivyokufa wenzao. Nimewavika paa langu, nimewalisha kwa mkono wangu. Niliwachukia, na niliwalisha. Sasa sina paa, nalala na vitabu vya nyimbo, na kasisi anajua ninavyokoroma."

Watu wakaitikia tena. Nalo hilo ni kweli, wakasema.

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Na Dorcas je? Si ndiye aliyewaambia? Wale sita walikaa majira yote kwa sababu waliambiwa. Wasingekaa, asali aliyowalisha Bi Hester ingetoka wapi?"

Minong'ono ikapita. Amos akaguna. "Kama aliwaambia, mbona wangu walitoka?" akauliza. "Haya, mniambie. Sita wakae, wa saba waondoke. Kwa nini?"

Hakuna aliyejua, isipokuwa mtu mmoja. Kasisi akamgeukia. "Bi Dorcas, una la kusema?"

Angeweza kusema hapana. Fikiria hilo kabla hujamhukumu. Alijiona barabarani, kwenye mvua, kwenye mlango wa watu baki. Neno hilo hakulisikia mtu, nyuki hawasemi, mzee yuko kaburini. Kunyamaza tu kulitosha.

"Nilikosea," akasema Dorcas. "Wale sita niliwaambia kwamba mlezi wao ni mimi. Sikuwa na ruhusa, lakini sikuwa na jina lingine. Nilipofika wa saba niliona haya. Nikaogopa watu watasema natamani nyumba ya marehemu. Nikawaambia kifo, mlezi sikuwaambia. Ndiyo maana waliondoka." Akamgeukia Amos. "Amos, mguu wako umevunjwa na haya yangu. Niliweka siri mwaka mzima, na nimekuwa nikikuona unachechemea. Unisamehe."

Amos alimtazama, taya zimekaza. Huyu ndiye aliyekuwa akisema nyuki hana masikio, na sasa alikuwa na hasira kama mtu anayeamini. Akasema, "Neno moja, Dorcas. Ulikuwa umebakiza neno moja tu la kusema." Akavaa kofia, akageuka, akasimama akiwapa mgongo.

Wengine wakaanza kutikisa vichwa. Basi si yeye, wakasema. Aliyesababisha hasara halipwi.

"Ngojeni kwanza," akasema Bi Hester. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ninajikata mguu mwenyewe kusema hili, lakini nimewafukua wale sita kwa koleo langu, nimeona. Angesema yote na kwa ule wa saba, ungekaa pale pale kijitoni na wenzake. Ungekufa na wenzake. Sisi hapa leo tunao nyuki kwa sababu mwanamke huyu alikosea. Alikosea kweli, ndiyo, lakini asingekosea tungekuwa tunatazama matawi matupu."

"Kwa hiyo tumlipe kwa kosa lake?" akauliza mtu.

"Sijasema mlipe," akasema Bi Hester. "Nimesema nilichokiona."

Ndipo kijiji kile cha watu wasiosema kikasema. Mmoja akasema, aliyetoa kiungo cha mwili ndiye. Mwingine akasema, Amos alipoteza mguu kwa kuanguka, hakukusudia, lakini Hester alibomoa nyumba yake kwa mikono yake akijua anachofanya. Mwingine akasema, hao wawili walitoa walichokuwa nacho, Dorcas alikuwa na jina lake tu na leo amelitoa mbele ya wote. Mwingine akasema, kusema ukweli ni wajibu, hakuna anayepewa nyumba kwa kutimiza wajibu. Yule mke wa mchunga kondoo, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama pembeni analia kimya kimya, kwa sababu yeyote atakayepewa au kunyimwa, siku ya sita yeye ndiye atakayeingia kwenye nyumba ya Dorcas.

Na usije ukaniambia waishi wote watatu. Chumba ni kimoja, na barua imesema mmoja, na watu wa Tansett hawachezi na barua ya marehemu wala na nyuki. Usiniambie pia wapige kura ya bahati. Walikataa, walisema hilo ni kumtupia Mungu kazi waliyopewa wao.

Kasisi aliikunja barua. Amos bado amewapa watu mgongo, ameegemeza uzito wote kwenye mguu mzima. Bi Hester amefumbata mikono yake iliyobabuka kwa sabuni. Dorcas anatazama nyasi, na jina lake mwenyewe hathubutu hata kulitamani kwa sauti.

Haya, ubishi wako ndio huu sasa. Yuko aliyesema na akakosea, yuko aliyekimbia na akavunjika, yuko aliyewachukia na akawafunika kwa paa lake. Nyumba ni moja. Je, nani alistahili kuingia? Na ukishamtaja huyo, wale wawili utawatazama usoni uwaambie wakalale wapi?